Tundu Dogo la Msumari

Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisani alikanyaga msumari zizini alipokuwa akikamua. Tundu lilikuwa dogo, na damu ilitoka tone moja tu. Akafuta mguu kwa kanga, akaendelea na kazi. Jioni tulipomhimiza aende zahanati alicheka, "Mtu mzima hulilia mwiba?"

Mama mpenzi, kidonda cha namna hiyo ndicho tunachokiogopa sisi wauguzi. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi. Wengi husema kutu ndiyo iletayo ugonjwa. Sivyo, huletwa na uchafu wenye viini ulioshikamana na msumari. Tundu jembamba hujifunga juu, na ndani, pasipofika hewa, viini huzaana na kutoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku 3 na 21: taya hukaza, shingo hukakamaa, mgongo hupinda kama upinde. Hapo hata hospitali hupata kazi ngumu kuokoa maisha.

Tufanyeje basi? Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji safi mengi yanayotiririka, mpaka mchanga wote utoke. Kitu kilichozama sana usikichomoe. Mwachie mganga wa zahanati. Usipake samadi, majivu, udongo wala mafuta ya taa. Funika kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati siku ile ile.

Chukua na kadi ya chanjo. Kwa kidonda kichafu, ikiwa imepita miaka 5 au zaidi tangu chanjo ya mwisho ya pepopunda, utachomwa nyingine. Aliyechanjwa chini ya mara 3, au asiyekumbuka, atachanjwa, na huenda akahitaji pia sindano ya kinga ya haraka. Hata aliyewahi kuugua pepopunda akapona anahitaji chanjo, kwa maana ugonjwa huu hauachi kinga.

Kadi za watoto tunazitunza vizuri. Je, zetu tulizopewa tulipokuwa wajawazito ziko wapi? Na baba watoto, ashikaye jembe kila siku, alichanjwa lini?

Yule mama alikubali kwenda. Kadi yake ilionyesha kwamba chanjo ya mwisho aliipata akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, ambaye sasa ana miaka 12. Alichanjwa, kidonda kikasafishwa, naye hakuugua. Jumapili iliyofuata alikuja amemshika mumewe mkono, akatuuliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.