Michezo: Chuma, mpira ao maji? Kila kizuizi hufundisha misuli jambo lake

Kwenye klabu nyingi ndogo za ndondi mashariki mwa Congo, mashine za mazoezi ni chache. Vijana wanatumia wanachopata: vyuma vya magari, makopo yaliyojazwa simenti, mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, mfuko wa mchanga. Wengi wanaamini kwamba anayeinua uzito mkubwa kuliko wenzake ndiye atakayepiga ngumi kali kuliko wote. Haiwi hivyo kila mara. Ngumi inataka nguvu, lakini inataka pia mbio, na mambo hayo mawili hayajengwi kwa zoezi moja.

Sababu iko ndani ya misuli yenyewe. Mwaka 1938, mwanasayansi Mwingereza Archibald Vivian Hill alipima misuli ya chura na kuonyesha kwamba kadiri msuli unavyojikunja haraka, ndivyo nguvu unayoweza kutoa inavyopungua. Msukuma chukudu wa Goma anajua hilo bila kwenda shule: akipakia magunia ya makala, hawezi kwenda mbio kama alivyokwenda na chukudu tupu.

Tuanze na chuma. Kilo 40 zinabaki kilo 40, lakini nguvu ya kuziinua inabadilika njiani. Mwanzoni inatakiwa nguvu nyingi ili chuma kiondoke. Kikishapata mwendo, kinaendelea kwa mwendo huo na misuli inapunguza kazi. Karibu na mwisho, mwinuaji analazimika kukizuia kisimponyoke. Kwa hiyo anayeinua chuma chepesi kwa haraka anajifunza pia kufunga breki. Dawa yake ni kurusha: mfuko mdogo wa mchanga unaotupwa mbele unaachiwa ukiwa bado katika mbio zote.

Wengine hushika vyuma mikononi wakipiga ngumi hewani. Chuma kinavuta chini, ngumi inaenda mbele. Bega linachoka kwa kubeba, na mkono haupati kizuizi upande unakoelekea.

Mpira una tabia nyingine. Mwanzoni ni laini, halafu unakuwa mgumu kadiri unavyovutwa. Kwa kuwa wenyewe ni mwepesi, mkono unaondoka haraka. Lakini unazuiwa zaidi mwishoni, pale ambapo ngumi ingepaswa kufika kwa mbio. Unafaa zaidi kufungwa kwenye chuma wakati wa kuchuchumaa na kusimama, maana mzigo unaongezeka pale miguu inapokuwa na nguvu zaidi. Ukaguliwe kila siku: mpira uliochakaa ukikatika unaweza kuumiza jicho.

Maji yanajibu mbio. Ukiongeza mwendo mara mbili, yanakuzuia karibu mara nne. Tena hayakurudishi nyuma kama mpira, wala hayakulemei kama chuma, ndiyo maana misuli haiumi sana kesho yake. Lakini wakaaji wa kando ya Ziwa Kivu wachague mahali panapojulikana kuwa salama, kwa sababu mazuku, ile hewa ya sumu isiyoonekana, huua.

Kwenye klabu tajiri za nje kuna mashine zinazotumia hewa iliyoshindiliwa. Hazina uzito mwingi wa kuondoa, na mtu anaweza kusukuma kwa mbio hadi mwisho. Ni vifaa vya bei kali, lakini kukosa mashine hizo hakumzuii kijana kuendelea.

Mtu anayeweza kuchuchumaa na kusimama na kilo 100 mara moja tu, siku ya nguvu achukue kilo 80 hadi 85, arudie mara 3 hadi 5, kisha apumzike dakika 3. Siku ya mbio achukue kilo 30 hadi 50, asukume haraka, na aache mara tu mwendo unapopungua, hata kama hajachoka. Anayeanza ajifunze kwanza kusimama vizuri na mzigo mwepesi, la sivyo mgongo utalipa.

Kocha mwenye chuma kimoja, mpira wa tairi na mfuko wa mchanga anaweza kufanya kazi hiyo yote bila kungoja makuta ya mashine. Ajiulize tu kabla ya kila zoezi: leo tunatafuta nguvu ao mbio?