Akishtakiwa Kubaka au Kunajisi: Adhabu na Haki za Mshtakiwa

Ni machache mashtaka yanayomtia mtu na jamaa zake aibu kama ya kubaka au ya kunajisi mtoto. Kwa ajili ya aibu hiyo wengi huyaficha, ama huyapeleka kwa wazee yamalizwe kwa mbuzi na fedha. Yafaa kila mtu nchini Kenya afahamu sheria yasemaje.

Adhabu zimeandikwa katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mwenye hatia ya kubaka hufungwa si chini ya miaka 10, na aweza kufungwa maisha. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Na wa miaka 16 au 17, si chini ya miaka 15. Kusema kwamba mtoto alikubali hakumwokoi mtu. Mwezi wa Julai 2024, Mahakama ya Juu iliamua kwamba korti haziwezi kupunguza vifungo chini ya viwango hivyo.

Kwa kuwa adhabu ni nzito hivi, Katiba ya mwaka 2010 imempa mshtakiwa haki ambazo hapana awezaye kumnyang'anya. Akikamatwa, sharti aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu. Ana ruhusa ya kunyamaza na kuonana na wakili, wala hapana amri ya kumlazimisha kuungama. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, ama siku ya kazi ifuatayo iwapo korti imefungwa. Aweza kuomba dhamana, nayo haikataliwi pasipo sababu kubwa.

Kortini huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kosa pasipo shaka. Ana haki ya kupewa ushahidi mapema, kupata muda wa kujitayarisha, kuwauliza mashahidi maswali na kuleta mashahidi wake. Asiyejua lugha ya korti hupewa mkalimani bila malipo. Asiye na fedha aweza kupewa wakili na Serikali, ikiwa kukosa wakili kutaleta udhalimu mkubwa.

Wako wanaojifariji wakisema, "Hakuna aliyeona." Hao wanajidanganya. Katika makosa haya korti yaweza kuhukumu kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, ikiwa imeridhika kwamba asema kweli na imeandika sababu zake. Kadhalika umri wa mtoto sharti uthibitishwe, kwa maana ndio unaopima kifungo. Aliyedanganywa na mtoto kuhusu umri, akaamini kwa sababu za haki, aweza kujitetea hivyo. Lakini korti itatazama alifanya nini ili kuujua ukweli.

Mapatano ya wazee hayaondoi kesi, kwa maana uamuzi wa kuiacha si wa wazazi wala wa chifu, bali ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Fedha za mapatano zaweza kumwacha mtoto bila haki, na mtu asiye na kosa akaonekana kama aliyekiri.

Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufani katika Mahakama Kuu. Basi jamaa wa mshtakiwa wasingoje siku ya hukumu. Na wamtafutie wakili tangu siku ya kukamatwa, kwani kuomba wakili si kukiri kosa.