Tuta la Bwawa Si Shamba la Miti

Kila masika yakikaribia, swali ni lile lile: "Injinia, tupande mti gani kwenye tuta la bwawa letu ili mizizi ishike udongo?" Nimeulizwa Seme, nimeulizwa Nyakach, na juzi nimeulizwa sokoni Kisumu nikichagua ngege. Jibu ni hakuna. Si mkaratusi, si mwembe, si hata mti uliobarikiwa na askofu.

Najua imani hii inatoka wapi. Kwenye miteremko ya Kajulu mizizi hushika udongo kweli. Lakini mteremko wa Kajulu haukuegemewa na maji upande mmoja usiku na mchana. Tuta limeegemewa, na kazi yake ni kuwa zito na kutokuwa na tundu. Mti ulio hai hupeleka mizizi ndani ya tuta kutafuta unyevu, hasa kiangazi. Ukifa au ukikatwa, mizizi huoza na kuacha bomba. Niliwahi kung'oa kisiki cha mkaratusi kwenye tuta moja kuukuu, nikaingiza mkono palipokuwa na mzizi. Uliingia hadi kiwiko, na mwisho wa tundu sikuugusa. Maji yakiipata njia kama hiyo hubeba chembe za udongo, njia hupanuka, yakabeba zaidi, na tuta la miaka 60 likaondoka kwa saa chache.

Kisha kuna upepo: mti mrefu ukiangushwa na dhoruba ya ziwani hung'oka na donge zima la tuta. Kivuli chake nacho huua nyasi, ambayo ndiyo kinga halisi dhidi ya mvua, na vichaka huficha mashimo ya kenge na vichuguu vya mchwa.

"Lakini bwawa letu limesimama tangu mkoloni!" Hapo ndipo ninapopata wasiwasi, maana miti iliyojiotea tangu wakati huo sasa imezeeka. Bwawa la Solai, Nakuru, nalo lilikuwa limesimama, hadi usiku wa 9 Mei 2018 lilipobomoka na kuua watu zaidi ya 40. Sisemi mti ndio uliolibomoa. Nasema kusimama jana si cheti cha kesho.

Haya, la kufanya. Miche ing'oeni leo. Mti mkubwa msiukate kiholela: maji yashushwe kwanza, kisiki na mizizi vitolewe, shimo lijazwe udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, mtaalamu akisimamia. Pandeni nyasi fupi inayotambaa. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika, wasikanyage tuta. Njia ya maji ya ziada msiizibe kwa magunia ya mchanga eti mwongeze akiba, kwani maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata. Mkiona maji yakivuja chini ya tuta, yakingeni kwenye chupa. Yakiwa safi, yapimeni tena kesho. Yakiwa na tope, ondoeni watu walio bondeni, kisha mwiteni chifu na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ina ofisi hapa hapa Kisumu.

Miti pandeni, tena mingi, kule juu kijito kinakotoka, izuie tope lisijaze bwawa. Tuta liachieni nyasi.