AFYA YA MARUBANI WA NDEGE ZA KIRAIA NA CHETI CHA DAKTARI

Abiria wa ndege ndogo baina ya Unguja na Pemba mara nyingi huwa mikononi mwa rubani mmoja tu. Usalama wa safari hiyo hutegemea mtambo, na vile vile moyo, macho na akili ya mtu huyo. Ndiyo maana leseni ya rubani haitumiki mpaka iambatane na cheti cha afya kilichotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga.

Viwango vya cheti hicho vimewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Tanzania imeuridhia. Rubani wa ndege za biashara hupimwa kila baada ya miezi 12. Akishatimiza umri wa miaka 40, naye huchukua abiria bila ya rubani mwenziwe, muda huo hupunguzwa kuwa miezi 6. Aidha, rubani wa peke yake husita kuchukua abiria wa kulipa atimizapo miaka 60. Penye marubani wawili kikomo ni miaka 65. Kikomo hicho cha pili kilianza Novemba 2006, na Marekani, iliyoshikilia miaka 60 tangu mwaka 1960, ilikifuata Disemba 2007.

Marekani ndiyo yenye kumbukumbu nyingi zaidi za marubani waliopimwa. Wengi wao ni wanaume. Miongoni mwa wenye leseni ya daraja la juu kabisa, wanawake ni takriban asilimia 5 tu. Kasoro za kawaida ni uoni unaohitaji miwani na shinikizo la damu. Kasoro hizi hazimzuii mtu kurusha ndege maadamu zimedhibitiwa: shinikizo lisizidi 155 kwa 95, hata kama ni kwa msaada wa dawa. Kwa cheti cha daraja la kwanza, moyo hupimwa kwa mashine ya umeme mara moja baada ya miaka 35, na kila mwaka baada ya 40.

Hata hivyo, takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Marubani huonekana wenye afya kuliko raia wengine kwa kuwa wagonjwa wamekwisha kuondolewa kabla ya kuhesabiwa. Tena, anayeficha maradhi yake haingii katika hesabu hata kidogo, na anayo sababu ya kuficha, kwani cheti ndicho riziki yake.

Hatari hiyo ilidhihirika tarehe 24 Machi 2015, pale rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings alipoiangusha kwa makusudi katika milima ya Ufaransa, wakafa watu wote 150. Madaktari walikuwa wamemwandikia kuwa hafai kazi. Yeye hakumwarifu mwajiri wake. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliamuru marubani wapimwe hali ya akili kabla ya kuajiriwa, na wawekewe utaratibu wa kusaidiwa na wenzao. Marekani, kwa upande wake, tangu mwaka 2010 huwaruhusu baadhi ya wanaotumia dawa za sonona kurusha ndege chini ya uangalizi, jambo la busara, kwani anayetibiwa hadharani ni salama kuliko anayejificha.

Baina ya kipimo kimoja na kingine, kanuni humtaka rubani asirushe ndege kila anapotambua upungufu katika afya yake, hata ikiwa ni mafua yaliyomlazimu kunywa dawa ya kuleta usingizi.