Kikande na Mizani ya Matumbawe ya Malindi

Katika Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha mazimwi uliotoka Japani mwaka 1996, maji hushinda moto, moto hushinda majani, na majani nayo hushinda maji, ili isiwepo jinsi iliyo ghalibu pasi na hasimu wake. Illa jinsi moja, ile ya nguvu za akili, ilitamalaki uwanja mzima, kwa kuwa wadudu walikuwa dhaifu mno kuikabili, na mizuka, iliyokusudiwa kuitiisha, haikuidhuru hata chembe kwa sababu ya kosa lililosalia katika programu. Mwaka 1999 watunzi wakaleta jinsi ya giza, isiyodhurika na nguvu hizo, na udhalimu ukakoma.

Kisa cha namna hiyo kimepita, na kingali kinapita, katika matumbawe ya mwambao wetu wa Kenya, ambako hapana mtunzi wa kukitengeneza. Yuko mnyama mdogo wa miiba, aitwaye na wataalamu Echinometra mathaei, ambaye mchana hujificha katika tundu alilolichimba mwenyewe, na alapo mwani huukwangua kwa meno yake matano pamoja na jiwe lenyewe, hata tumbawe likasagika kuwa mchanga. Hasimu wake mkuu ni kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, samaki wa taya fupi zenye nguvu, amng'oaye tunduni, akamvunja miiba na kulipasua gamba lake. Lakini kikande ni mwepesi wa kunaswa, kwa mshipi na kwa lema. Na atowekapo, yule mwenye miiba hubaki hana wa kumkabili.

Mtafiti Tim McClanahan na mwenzake Shafir waliliandika jambo hili mwaka 1990, baada ya kulinganisha miamba iliyohifadhiwa, mfano wa Malindi ambayo ni hifadhi tangu 1968, na ile iliyovuliwa sana. Njia mojawapo ya kupima ilikuwa kuwafunga wanyama hao wa miiba kwa uzi mwembamba juu ya tumbawe, kisha kurejea kuhesabu waliosalia. Palipovuliwa, kuliwa kwao kulipungua mara nne, na idadi yao ilizidi ya hifadhini kwa zaidi ya mara mia moja. Hasara humrudia mvuvi mwenyewe, maana mwani ambao ungewalisha pono na kangaja huishia katika vinywa vya makundi hayo.

Wavuvi wa Kuruwitu, huko Kilifi, walifanya la busara walipotenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, mwaka 2005. Hata hivyo kikande huyu hurejea kwa taratibu mno, zaidi ya miaka kumi, na samaki wengine wakiwa wamekwisha kuongezeka zamani. Kwa hiyo naona ni wajibu kumlinda hata nje ya tengefu: anaswapo lemani angali hai arudishwe majini, kwani nyama iliyo chini ya ngozi yake ngumu ni haba, na kazi aifanyayo mwambani hakuna samaki mwingine aiwezaye kwa kiasi hicho.