Theluji, Mbao Mbili na Udhu

Baridi ya Kasulu na Kibondo huondoka kwa shuka na moto wa kuni. Lakini familia zilizotoka kambi ya Nyarugusu zikapata makazi mapya Marekani na Kanada zimekutana na baridi nyingine: theluji ya miezi kadhaa, na watoto washindao ndani mbele ya simu.

Dawa mojawapo ni kuteleza thelujini kwa mbao mbili nyembamba na fimbo mbili, mchezo unaochosha miguu, mikono na mapafu kwa pamoja. Asidhani mtu kuwa si wetu. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za kilomita 10. Alifika wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja mwishoni amkumbatie.

Mavazi yake ni mazito, hivyo stara si tatizo kwa mama wala binti. Uzito upo kwenye udhu. Aliyevaa khufu akiwa na tahara hupaka maji juu yake: mkazi mchana na usiku mmoja, msafiri siku tatu. Desemba, Adhuhuri na Alasiri hukaribiana mno. Matembezi yaanze asubuhi.