Je, Vazi Lina Mwisho wa Umri?

Liko swali ambalo aghalabu huulizwa chini kwa chini, nalo halikosi kumchoma anayeulizwa: mwanamke akifikia umri gani yampasa kuziacha nguo fulani? Binti humwambia mzazi wake, "Mama, hiyo si nguo ya mtu wa makamo yako." Mashoga hunong'onezana arusini wamwonapo mwenzao wa miaka 50 amevaa sketi inayoishia magotini. Naye mume, arudipo likizo kutoka kituo cha mbali, hutaka kujua kulikoni mkewe kubadili mavazi. Katika miji ya Arua na Koboko, kambini na mitaani, swali hili lingali hai, na majibu yake hutolewa kwa haraka kuliko kwa fikira.

Yafaa basi kulichunguza kwa utulivu. Je, ni umri wenyewe unaokataza vazi, au yako mambo mengine ambayo watu wameyapa jina la umri?

NJIA PANDA YA MAVAZI

Arua, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Julai 2020, na Koboko, ulio umbali wa kilomita zipatazo 55 kuelekea kaskazini, ni miji ya mpakani. Upande mmoja iko Kongo, upande mwingine Sudan Kusini, na kusini barabara huelekea Kampala. Kila upande umeleta nguo zake. Kutoka Kongo, hasa kupitia soko la Ariwara, huja vitenge vya yadi 6. Kutoka kaskazini ilikuja taub, kitambaa chepesi chenye urefu wa mita 4 na zaidi, ambacho mwanamke hujizungushia mwili mzima. Wanubi, ambao wengi wa mababu zao walikuwa askari wa Emin Pasha katika miaka ya 1880, wanajulikana kwa gurbaba yao. Kutoka Buganda likaja gomesi, lenye mabega yaliyoinuka na mshipi mpana kiunoni. Juu ya hayo yote yapo mitumba, yanayouzwa kwa mafungu sokoni.

Kabla ya hayo yote kuja, wanawake wa Kilugbara walijisitiri kwa majani mabichi, mbele na nyuma, wakiyabadilisha yaliponyauka. Hakuna aliyewaona kuwa watovu wa adabu, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa sitara ya watu wote. Basi gauni refu ambalo leo huhesabiwa kuwa vazi la bibi lilikuwa ugeni mtupu kwa mama wa bibi huyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni gomesi lenyewe. Leo, msichana wa miaka 18 akilivaa, wenziwe humtania kwamba amezeeka kabla ya wakati. Lakini vazi hilo lilipewa jina la fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, aliyeshona nguo Kampala mwanzoni mwa karne ya 20, na husimuliwa kwamba alilishona kwanza kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Vazi la wanafunzi limegeuka kuwa vazi la mama mkwe! Kitambaa hakikuzeeka, wala mshono haukuongeza miaka. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Yako pia mavazi ambayo mpaka wake uko upande wa ujana. Kwa desturi ya Sudan, taub ni vazi la mwanamke aliyeolewa, na msichana mdogo hasemwi kuwa amenyimwa asipoivaa. Huungoja wakati wake, na ufikapo huipokea kwa fahari. Hapo umri na hali ya ndoa humwongezea mwanamke vazi. Hili ni jambo la kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kazi ya miaka ni kupunguza tu.

SHERIA HAIKUTAJA UZEE

Serikali za Afrika Mashariki zimewahi mara kadhaa kuingia kabatini mwa wanawake. Nchini Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Nchini Uganda, mwaka 1972, serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ulitoka Koboko, ilipiga marufuku sketi fupi na kaptula za kubana kwa wanawake. Mwaka 1974 marufuku hiyo ikafika kwenye suruali na nywele za bandia. Wako wanawake waliokamatwa kwa sababu ya pindo la nguo.

Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, na mapigano yalipofika West Nile, maelfu ya watu walikimbilia Zaire na Sudan. Mkimbizi havai kwa kuchagua. Nguo aliyoondoka nayo mwilini ndiyo aliyolala nayo, na kanga moja ilikuwa shuka, mbeleko na sanda. Akina mama waliopita katika miaka hiyo wanajua kwamba kuchagua nguo ni neema, na kwamba neema hiyo haifai kudharauliwa wala kunyang'anywa.

Tarehe 6 Februari 2014 ilitiwa saini Sheria ya Kupinga Ponografia, ambayo watu waliibandika jina la sheria ya sketi fupi. Katika siku zilizofuata wahuni waliwavamia wanawake barabarani na kuwavua nguo hadharani, wakijifanya walinzi wa maadili. Polisi ilibidi kuwaonya wananchi wasijichukulie sheria mkononi. Mwezi wa Agosti 2021, Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo. Katikati ya matukio hayo, mwezi wa Julai 2017, Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka wa mavazi ya kazini, uliokataza sketi zinazopanda juu ya magoti na nguo zinazoonyesha mwili, ukawataka wanaume nao wavae shati la mikono mirefu na tai.

Msomaji akiutazama waraka huo ataona jambo moja: unapima urefu wa nguo, haupimi umri wa mvaaji. Karani wa miaka 23 na mwenzake wa miaka 59, aliyebakiwa na mwaka mmoja kabla ya kustaafu, hupimwa kwa kipimo kimoja.

Askari wanalielewa jambo hili kuliko wengine. Kurutu wa kike aliyetoka mafunzoni jana na ofisa aliyetumikia miaka 30 hufuata kanuni zile zile za sare. Kinachobadilika begani ni cheo, si umri. Suruali ambayo mwaka 1974 mwanamke aliivaa kwa hofu, leo mwanajeshi wa kike huivaa kwa amri, na hakuna amwambiaye kwamba amepita umri wa kuivaa maadamu bado yumo kazini.

NENO LA DINI

Katika West Nile wako Waislamu na Wakristo wengi, na wengi hutafuta jibu katika vitabu vyao. Kurani, katika Sura ya 24, aya ya 60, inawataja wanawake wazee wasiotarajia tena kuolewa. Inawapa ruhusa ya kupunguza nguo zao za juu pasipo kuonyesha mapambo, kisha inasema kwamba kujizuia ni bora kwao. Hapo umri umetajwa waziwazi, lakini umetajwa kwa ajili ya kumpunguzia mzee uzito. Nao Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, unawausia wanawake wavae kwa adabu na kiasi, bila kutaja miaka. Staha ni ya wote, mdogo na mkubwa.

YANAYOITWA UMRI

Ikiwa sheria haitaji uzee, na dini inasisitiza staha kwa kila mtu, basi ule mpaka unaonong'onwa arusini umetoka wapi? Ukichunguzwa vizuri, huonekana kuwa ni mambo matatu yaliyofichwa nyuma ya neno moja.

La kwanza ni mwili. Mwanamke aliyezaa watoto sita hana kiuno cha bikira, wala haimpasi kukiomboleza. Karibu na miaka 50, hedhi inapokoma, wengi hupatwa na joto la ghafla na jasho la usiku. Kwao nguo za pamba, zenye nafasi mwilini, ni bora kuliko nailoni inayoshika joto. Magoti yakianza kuuma, kiatu chenye kisigino kirefu huwa adui. Haya ni mashauri ya afya, na hata msichana mwenye joto au goti bovu yanamfaa.

La pili ni mahali na kazi. Nguo ya dansi si ya mazishi, na nguo ya shambani si ya ofisini. Mama akionekana amekosea, aghalabu kosa lake ni la mahali: amevaa kanisani kilichofaa arusini. Binti yake angevaa hivyo hivyo pale, naye angekosea vile vile.

La tatu, na ndilo zito, ni mategemeo ya watu. Jamii humtazama mama mtu mzima kama nguzo, na hupenda nguzo isimame palepale. Akivaa rangi nyekundu huulizwa anamtafuta nani. Mjane akisuka nywele mwaka mmoja baada ya msiba huambiwa amesahau. Maneno ya namna hii hayalindi adabu ya mtu. Humfanya mwanamke aone kwamba maisha yake yamekwisha angali na nguvu, na wako wanaoacha hata kujitunza kwa kuogopa kusemwa. Nyumba ambayo mama amejikatia tamaa huonekana katika watoto wake.

Hata hivyo, haki ya kuvaa haiondoi busara. Wahenga walisema utu uzima dawa, na dawa hiyo ni kujijua. Mwanamke anayeivaa nguo ili aonekane kuwa binti wa miaka 20 hujichosha bure, kwa maana hakuna anayedanganyika. Anayeivaa kwa sababu inamkaa vizuri, inamsitiri na kumpa raha, huyo hapaswi kuomba radhi kwa mtu.

KWA FUNDI NA NYUMBANI

Kipimo cha nguo nzuri ni rahisi, na kila mama aweza kukifanya mbele ya kioo kabla ya kumlipa fundi cherehani. Aketi, na aone kama pindo linabaki mahali pake. Ainame kana kwamba anaokota kitu, na aone kama kifua kimesitirika. Ainue mikono yote miwili, kisha apige hatua kana kwamba anapanda bodaboda. Nguo inayopita majaribio hayo inafaa, iwe mvaaji ana miaka 25 au 65. Inayoshindwa haifai kwa yeyote kati yao.

Kitenge kimoja chaweza kumfaa mama na bintiye. Katika yadi 6, kwa miili ya wastani, fundi hodari hutoa gauni refu la mama na sketi ya binti. Rangi ni moja, mshono ni tofauti, na fedha ya nyumba imeokolewa. Nguo iliyobana isitupwe kabla ya kutazamwa: mishono ya pembeni yaweza kufumuliwa, kipande cha kitambaa kikaongezwa kiunoni, na pindo lililokunjwa kwa ndani likashushwa.

Mume aliye kazini mbali na atume fedha ya kitambaa, au akilete mwenyewe arudipo, kisha amwachie mkewe kuchagua mshono. Akiona vazi halimpendezi, aseme kwa upole faraghani. Fimbo haijapata kumfundisha mtu kuvaa, na aibu mbele ya watoto huvunja heshima ya wote wawili. Binti naye akumbuke kwamba anayemcheka mama yake leo anajiwekea akiba ya kicheko cha kesho.

Kwa askari polisi kuna jambo la ziada. Mwanamke akiletwa kituoni amechaniwa nguo na kundi la watu, wa kwanza kuhojiwa wasiwe yeye na urefu wa sketi yake. Apewe kwanza kitu cha kujisitiri, maelezo yake yaandikwe, na waliomvua watafutwe. Hilo linamhusu bibi wa miaka 70 sawasawa na msichana wa shule.

Vazi, basi, halina mwisho wa umri. Lina mahali pake, lina kiasi chake, na lina mwili unaolibeba. Mambo hayo matatu mwanamke mtu mzima huyajua kuliko jirani yake, naye ndiye anayestahili kuachiwa uamuzi.